Msichana wa Chuo Analipwa na Nani? Mifuko Mitatu ya Kikapu cha Wanawake Marekani

Kuna picha moja haichoki kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Upande huu yupo Caitlin Clark, binti aliyevunja rekodi ya pointi nyingi zaidi katika ngazi ya juu ya kikapu cha vyuo vya Marekani, na chini yake pameandikwa dola 76,535. Upande wa pili yupo kijana wa NBA, naye chini yake pameandikwa mamilioni. Juu ya wote wawili kuna swali: "Haki iko wapi?"

Kinyozi wangu alinionyesha picha hiyo juzi, mashine ikiwa bado inanguruma sikioni mwangu, akanitupia maswali matatu kwa pumzi moja. Mbona analipwa kidogo hivyo? Mbona tulisikia alitajirika tangu akiwa mwanafunzi? Na ile sheria yao ya usawa inafanya kazi gani? Kabla sijafungua mdomo, mteja aliyekuwa akisubiri kwenye benchi akahitimisha: "Kaka, soko ndilo linaamua. Watu hawatazami wanawake."

Sikujibu. Mtu akiwa na wembe shingoni mwako hubishani naye, wala na wateja wake. Lakini kila swali kati ya yale linahusu fedha tofauti, inayotoka kwa mtu tofauti, na picha ile imezikoroga zote kwenye bakuli moja. Basi tuzitenganishe.

Kwanza, chuo. Kwetu kijana mwenye kipaji cha mpira hukimbilia klabu. Marekani ngazi ya kikapu hupitia chuo kikuu, na chuo chenyewe humiliki uwanja wa maelfu ya viti, makocha wa mamilioni, na jezi zinazouzwa madukani. Vyuo hivyo hujiunga katika makundi ya kimaeneo, na juu yao wote lipo shirikisho liitwalo NCAA, ndilo linalotunga kanuni na kuendesha mashindano ya kila Machi. Timu 68 huingia, ukifungwa mara moja unarudi nyumbani. Hayo ndiyo mashindano unayoyasikia yakizungumzwa kila majira ya masika, ya wanaume na ya wanawake.

Sasa fedha. Mwanafunzi anayecheza kikapu huweza kuwa na mifuko mitatu.

Mfuko wa kwanza ni ufadhili: ada, malazi, chakula, vitabu, matibabu. Kwa miaka mingi huo ndio ulikuwa mfuko pekee halali, kwa kuwa mchezaji wa chuo alihesabiwa kuwa wa ridhaa. Akipokea zaidi ya hapo, hata viatu tu kutoka kwa shabiki, angeweza kufungiwa.

Mfuko wa pili ni wa jina lake. Juni 2021 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote tisa kwa sauti moja, iliigomea NCAA katika kesi ya Alston kuhusu marupurupu ya masomo. Hukumu haikugusa matangazo ya biashara moja kwa moja, lakini shirikisho lilielewa upepo unakovuma, na majimbo nayo yalikuwa yameshaanza kutunga sheria zao. Kuanzia tarehe 1 Julai 2021 mchezaji akaruhusiwa kuuza jina lake na sura yake. Ndipo Clark, akiwa bado anafanya mitihani katika Chuo Kikuu cha Iowa, akawa uso wa matangazo ya Nike, Gatorade na kampuni ya bima ya State Farm. Fedha hiyo haikutoka chuoni. Ni kama msanii anayetangaza sabuni: redio inapiga wimbo wake, lakini anayemlipa ni mwenye sabuni.

Mfuko wa tatu ni mchanga kabisa, ulifunguliwa Julai 2025. Nitaurudia, maana ndiko moto uliko.

Na zile dola 76,535 za kwenye picha? Hazimo katika mfuko wowote kati ya hii. Huo ulikuwa mshahara wa mwaka wa kwanza wa WNBA, ligi ya kulipwa, baada ya timu ya Indiana Fever kumchagua wa kwanza Aprili 2024. Ulipangwa na mkataba wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji, uliotiwa saini Clark akiwa hajaingia hata chuoni. Aliyechaguliwa wa kwanza mwaka uliofuata, Paige Bueckers, alianza na dola 78,831, kwa sababu ngazi ilikuwa imeshachongwa. Wadhamini hawakumwacha Clark alipomaliza chuo, walimfuata. Kwa hiyo anayesema "chuoni alikuwa tajiri, kwenye ligi kafukarika" amelinganisha mshahara wa mwalimu na mapato ya duka lake.

Hapa ndipo watu huingiza ile sheria, Title IX, iliyotiwa saini na Rais Nixon tarehe 23 Juni 1972. Kiini chake ni sentensi moja ya maneno 37 ya Kiingereza, na neno "michezo" halimo. Inasema kwamba katika mpango wowote wa elimu unaopokea fedha za serikali kuu, mtu asibaguliwe kwa jinsia yake. Basi. Michezo ikaingia kwa sababu kule michezo ni sehemu ya shule.

Haisemi mabinti walipwe sawa na wavulana. Wala haisemi timu mbili ziwe na bajeti moja. Chukua nyumba yenye wavulana watatu na mabinti wawili. Sheria hii inamtazama mzazi anapopakua kutoka kwenye sufuria ya nyumbani: je, nafasi mezani zinagawiwa kwa uwiano, je, ufadhili unagawiwa kwa uwiano, je, mabinti nao wana vyumba vya kubadilishia nguo, vifaa na usafiri unaostahili? Lakini mjomba akija na peremende akampa mtoto anayempenda, sheria haimgusi mjomba. Mfuko wa kwanza ni sufuria. Mfuko wa pili ni peremende za mjomba.

Ukitaka kujua sufuria hiyo ilikuwaje kabla mabinti hawajapakuliwa, mtazame Pat Summitt. Mwaka 1974, akiwa na miaka 22, alikabidhiwa timu ya wanawake ya Tennessee kwa dola 250 kwa mwezi. Akafua jezi mwenyewe, akaendesha gari la timu mwenyewe. Alipostaafu alikuwa na ushindi 1,098 na mataji 8. NCAA yenyewe haikuandaa mashindano ya kikapu cha wanawake hadi 1982, miaka kumi baada ya sheria. Fainali ya kwanza Louisiana Tech waliifunga Cheyney State 76 kwa 62, na Cheyney ni chuo kidogo cha kihistoria cha Wamarekani weusi, timu yake ikifundishwa na Vivian Stringer. Hadithi ile ingestahili makala yake.

Kuna tundu katika sheria hii ambalo wengi hawalijui, hata Wamarekani. Inavifunga vyuo, kimoja kimoja. NCAA haipokei fedha za serikali moja kwa moja, inapokea michango ya vyuo vinavyozipokea, na mwaka 1999 Mahakama Kuu iliamua kwamba michango hiyo peke yake haitoshi kulifunga shirikisho na Title IX. Yaani kila nyumba ina sheria yake ya kupakua, lakini karamu ya ukoo mzima haina msimamizi.

Ndiyo maana Machi 2021 iliwezekana. Mashindano ya wanaume yalikuwa Indianapolis, ya wanawake San Antonio, wote wakiwa wamefungiwa kwa sababu ya korona. Sedona Prince, mchezaji wa Oregon, akachukua simu akarekodi chumba cha mazoezi: ukumbi mpana, mtupu, na kwenye kona moja kijirafu kimoja cha vyuma vidogo vidogo. Kisha akaonyesha cha wanaume, kimejaa mitambo kutoka ukuta hadi ukuta. Wakubwa walikuwa wamedai tatizo ni nafasi. Prince akageuza kamera taratibu kuuzunguka ule ukumbi mtupu. Sekunde chache zile zilifanya kazi ambayo ripoti za miaka mingi hazikuifanya.

Ripoti ilifuata hata hivyo, Agosti mwaka huohuo, iliyoandikwa na mawakili walioajiriwa na NCAA yenyewe. Na hapa namgeukia yule ndugu wa kwenye benchi na soko lake.

Nenda kwenye mnada wa samaki alfajiri. Kolekole mnene hunadiwa peke yake, wanunuzi wanapandiana bei. Sasa mchuuzi mmoja amchukue kolekole huyo amtupe ndani ya fungu la dagaa, auze fungu zima kwa mkupuo, halafu arudi nyumbani akiwaambia watoto kwamba kolekole hana bei. NCAA ilifanya hivyo. Mashindano ya wanaume yalinadiwa peke yake: mkataba wa televisheni na CBS na Turner una wastani wa zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka. Ya wanawake yalifungwa pamoja na mashindano ya michezo mingine zaidi ya ishirini, mengi yenye watazamaji wachache mno, yakauzwa kwa chaneli ya ESPN kwa takriban dola milioni 34 kwa mwaka, yote kwa jumla. Ripoti ile ikakadiria kwamba kikapu cha wanawake peke yake, kikinadiwa vizuri, kingekuwa na thamani ya kati ya dola milioni 81 na 112 kwa mwaka ifikapo 2025.

Hata jina walinyimwa. Lile jina maarufu la mashindano ya Machi, "March Madness", linaloandikwa kwenye sakafu za viwanja na kwenye fulana, wanawake hawakulitumia hadi 2022. Muuza duka ameficha bidhaa chini ya meza, ameitoa lebo, halafu anashangaa wateja hawaiulizi.

Na pale bidhaa ilipowekwa juu ya meza? Tazama Iowa. Kwa miongo mingi shule za sekondari za jimbo lile zilicheza kikapu cha wasichana cha aina yake: wachezaji sita kila upande, watatu wa kushambulia, watatu wa kuzuia, hakuna kuvuka mstari wa kati, na kudunda mpira mara mbili tu kabla ya kutoa pasi. Kanuni zilitungwa na watu walioamini mwanamke akikimbia sana ataumia. Lakini vijiji vya wakulima wa mahindi viliupenda mchezo ule kupita kiasi, na fainali za jimbo zikajaza ukumbi mkubwa wa Des Moines mwaka hadi mwaka. Mchezo wa sita kwa sita ulikufa 1993. Caitlin Clark alizaliwa katika mji huohuo miaka tisa baadaye. Oktoba 2023, timu yake ilipopelekwa kucheza katikati ya uwanja wa mpira wa miguu wa Kimarekani, nje, kwenye upepo, watu 55,646 walikuja. Ni mechi ya maandalizi tu, jamani. Bibi zao walikuwa mashabiki kabla ya hapo.

Tarehe 7 Aprili 2024, saa nne usiku kwetu, nilikuwa nimeegemeza simu kwenye chupa ya chai nikitazama South Carolina wakiifunga Iowa 87 kwa 75. Ushindi huo uliwakamilishia South Carolina msimu wa mechi 38 bila kufungwa hata moja. Marekani watazamaji walikuwa wastani wa milioni 18.9. Kesho yake fainali ya wanaume ikapata milioni 14.8. Haijawahi kutokea kabla ya hapo. Nikiri jambo moja ambalo washabiki wenzangu huliruka: ya wanawake ilirushwa kwenye chaneli ya bure, ABC, na ya wanaume kwenye chaneli ya kulipia. Ulinganisho una mkunjo. Ila mkunjo huo ndio hoja yenyewe. Chaneli ni meza.

Kwa taji lile, unajua NCAA iliilipa nini timu ya South Carolina katika ule mgao wa ushindi? Sifuri. Wanaume walikuwa na utaratibu wa miaka mingi ambapo kila mechi ya mashindano huingiza fungu la fedha kwenye kundi la vyuo la timu husika. Wanawake walianza kuhesabiwa mafungu hayo mwaka 2025, wakianza na dola milioni 15 kwa timu zote pamoja.

Kabla ya mfuko wa tatu, nitoke nje ya fedha kidogo, kwa sababu kelele nyingi unazozisikia hazihusu fedha. Fainali ya 2023, chuo cha LSU cha Louisiana kikiwa kinaipiga Iowa, mchezaji wake Angel Reese alimpungia Clark mkono mbele ya uso wake mwenyewe, ishara ya "hunioni". Clark mwenyewe alikuwa amefanya ishara hiyohiyo siku chache nyuma dhidi ya Louisville, na watu wakacheka, wakamwita mshindani wa kweli. Reese akaitwa hana adabu. Mmoja ni mweupe, mwingine mweusi, na Marekani jambo kama hilo halipiti bila kupanda jukwaani. Halafu mke wa rais wa wakati ule, Jill Biden, akapendekeza timu zote mbili zialikwe Ikulu, walioshinda na walioshindwa, jambo ambalo si desturi. Reese akajibu hadharani kwamba huo ni mzaha. Kwa maoni yangu alikuwa na haki. Hualiki bibi harusi wawili kwenye fungate moja. Na ukisikia leo watu wanabishana kuhusu Clark na Reese kwa hasira isiyolingana na mchezo, jua kwamba wanabishana kuhusu nchi yao, kikapu ni kisingizio. Clark mwenyewe alisema wakati ule kwamba Reese hakustahili kulaumiwa.

Haya, mfuko wa tatu.

Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken wa California aliidhinisha makubaliano ya kumaliza kesi iitwayo House. Yana sehemu mbili. Kwanza, takriban dola bilioni 2.8 zilipwe kwa wachezaji wa zamani, ndani ya miaka kumi, kwa fursa walizonyimwa. Pili, kuanzia Julai 2025 chuo kiliruhusiwa kuwalipa wachezaji wake moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, kwa michezo yote pamoja. Si lazima, na hakuna anayekiambia chuo kigawe vipi.

Kwa malipo ya wachezaji wa zamani kulikuwa na kanuni: kwenye vyuo vikubwa, kama asilimia 75 kwa mpira wa miguu wa Kimarekani, 15 kwa kikapu cha wanaume, 5 kwa kikapu cha wanawake, na 5 kwa wengine wote. Vyuo vingi vikaitazama kanuni hiyo kama kiolezo. Fanya hesabu mwenyewe. Asilimia 5 ya milioni 20.5 ni dola milioni moja na ushee, ukiigawa kwa wachezaji 15 wa timu ya wanawake kila mmoja anapata kama 68,000. Wavulana wa kikapu, kwa idadi ileile, mara tatu yake.

Swali ni hili: hiyo ni sufuria au peremende? Januari 2025, siku za mwisho za serikali ya Biden, Wizara ya Elimu ilisema ni sufuria, malipo hayo ni kama ufadhili na lazima yagawiwe kwa uwiano. Februari, serikali ya Trump ikafuta waraka huo, ikisema Title IX haisemi lolote kuhusu mgao wa mapato. Wanariadha wanawake wakakata rufaa dhidi ya makubaliano, wakidai ile asilimia 75 inavunja sheria ya 1972, na rufaa ikachelewesha malipo ya nyuma.

Mimi naona ni sufuria. Hundi inaandikwa na chuo, kwa mwanafunzi wa chuo, kwa kucheza katika programu ya chuo. Mjomba hayupo hapo. Wenye hoja ya pili husema asilimia 75 inafuata mapato, na ni kweli mpira wa miguu wa Kimarekani unaingiza fedha nyingi kuliko mchezo mwingine wowote. Lakini mapato yenyewe ya kikapu cha wanawake yalihesabiwa kwa bei ya lile fungu la dagaa. Ukitumia bei ya jana kupanga mgao wa kesho, umemwadhibu kolekole mara mbili.

Nilirudi kwa kinyozi baada ya wiki mbili, safari hii nikamweleza yote kabla hajawasha mashine. Alisikiliza vizuri, halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na huyu Mkenya wetu, Madina Okot, naye anapata mifuko mitatu?"

Swali zuri kuliko yote. Okot alitoka timu ya Chuo Kikuu cha Zetech, Kenya, akaenda Mississippi State, na 2025 akahamia South Carolina, timu ileile ya chupa yangu ya chai. Kabla yake Bella Murekatete wa Rwanda alichukua ubingwa wa kundi lao na Washington State mwaka 2023. Mfuko wa kwanza wanaupata kama wengine. Huu wa pili ndio wenye miba. Viza ya kawaida ya mwanafunzi inabana sana kazi ya kulipwa nje ya chuo, na kusimama mbele ya kamera kutangaza viatu kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi. Wa tatu nao una utata huohuo, maana sheria za viza ziliandikwa zamani, bila kumfikiria mwanafunzi anayelipwa na chuo kwa kucheza. Wawili wanabadilishia nguo chumba kimoja, mmoja anatoka kwenda kupiga picha za tangazo, mwingine anakwenda maktaba.

Nikamweleza njia aliyoipata Oscar Tshiebwe, Mkongo wa Lubumbashi, mchezaji bora wa vyuo kwa wanaume mwaka 2022. Timu yake ya Kentucky ilipokwenda Bahamas kwa mechi za kirafiki Agosti mwaka ule, akajaza siku zake kwa kazi za wadhamini hukohuko, nje ya ardhi ya Marekani, ambako viza haikumfunga mikono.

Kinyozi akazima mashine, akanitazama kwenye kioo.

"Sasa kaka, si wawapeleke Bahamas kila Jumamosi?"